Siku 14: mwongozo wa kazi kwa msaidizi wa kliniki ya meno

Mgonjwa wa jino hakai na daktari muda mrefu. Anapanda kwenye kiti, anaonyesha jino kwa kidole, anachomwa ganzi, anang'olewa, anang'ata gozi, anashuka. Daktari au tabibu anaangalia jino lililomleta, na foleni iliyo nje inamhimiza. Wewe uliye dirishani, unayeshika taa na kufyonza mate, unayeosha koleo, ndiye unayemwona mtu huyo kabla hajafungua mdomo na baada ya kuufunga. Unasikia anavyoongea, unaona anavyomeza mate, unakumbuka kwamba hii ni mara yake ya tatu kuja kwa shida ileile.

Mwongozo huu ni wako: muuguzi uliyepangiwa meno bila kuulizwa, mhudumu wa afya, karani wa mapokezi, mwanafunzi wa mazoezi. Umeandikwa kwa kufuata kliniki za wilaya na vituo vya afya vya hapa Tanzania, zenye kiti kimoja, taa moja na umeme wa kubahatisha. Kutaja jina la ugonjwa si kazi yako, mwachie daktari. Kazi yako ni kuona kwamba hakuna kidonda cha mdomoni kinachopita mikononi mwako zaidi ya siku 14 bila kukaguliwa na mtu aliyesomea.

Kwa nini 14? Ngozi laini ya ndani ya mdomo hujijenga upesi kuliko ngozi ya mkono. Ukijing'ata shavu, ukiungua na chai au ukichubuliwa na meno ya bandia, kidonda kinatakiwa kufunga ndani ya wiki 2 baada ya kuondolewa kilichokuwa kinakichokoza. Kisipofunga, kina sababu nyingine, na mojawapo ni saratani.

Hatua ya 1: Anzia dirishani

Foleni ya meno huenda kwa namba, na namba ni haki ya mtu. Lakini wapo ambao ukiwaacha wasubiri namba yao wanaweza kufia kwenye benchi. Kila asubuhi, kabla hujagawa kadi, pita mbele ya benchi ukiwaamkia watu na kuwatazama usoni. Salamu yenyewe ni kipimo: anayeitika "marahaba" kama ana tonge mdomoni, huyo ni wa kwanza kuingia.

Unayemtafuta ni mtu mwenye uvimbe chini ya kidevu na pande zote mbili za taya, shingo imekaza, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, ulimi umesukumwa juu, mdomo haufunguki vizuri, ameinama mbele ili apate pumzi. Usaha wa jino la nyuma la chini ukishuka chini ya ulimi na kuingia shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na mgonjwa aliyeingia akitembea asubuhi akawa hapumui jioni. Mwache akae, usimlaze chali. Usimpe chakula wala maji, maana huenda akaenda chumba cha upasuaji. Mwite daktari sasa hivi, hata kama amemshikia mwingine koleo. Oksijeni iwe karibu, na dereva wa gari la wagonjwa aambiwe mapema, asisubiri barua imalizike kuandikwa.

Hapa ndipo kuna kauli niliyoisikia mno, na haitoki kwa wagonjwa peke yao: "Nenda nyumbani kwanza, uvimbe ukipungua urudi tung'oe." Uvimbe wa namna hii haupungui kwa kusubiriwa. Usaha unahitaji pa kutokea, na wa kuamua utolewe vipi na lini ni daktari. Dirishani usimrudishe mtu mwenye uvimbe.

Kwa watoto, wahi dalili mbili. Ya kwanza ni taya lililovimba ndani ya wiki chache tu, meno ya nyuma yanacheza wakati si umri wake wa kung'oka, pengine na jicho limeanza kusukumwa nje. Katika nchi zetu zenye malaria nyingi, hiyo inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani iliyopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini hukubali dawa za saratani vizuri ikiwahiwa. Kwa hiyo kadi ya mtoto huyo isiandikwe "kung'oa". Ukiyang'oa meno yanayocheza, umeondoa dalili na kuuacha ugonjwa.

Ya pili ni noma. Mtoto amekonda, mara nyingi ana miaka kati ya 2 na 6, ametoka kuugua surua au malaria, fizi zina kidonda, mdomo unanuka kupita kiasi, shavu linaanza kuvimba. Baada ya hapo shavu hugeuka jeusi na kutoboka, na mwendo wote huo ni wa siku, hauhesabiwi kwa miezi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Kwetu haionekani kila siku, na ndiyo maana ni rahisi kuidhania harufu ya kawaida ya mtoto asiyepigishwa mswaki. Ikiwahiwa ikiwa bado kidonda cha fizi, hutibika kwa antibayotiki, usafi wa kinywa na chakula chenye nguvu. Mtoto huyo aonwe siku hiyohiyo, na wodi ya watoto ijulishwe.

Wengine wote wakiandikishwa, waulize kwa sauti ya chini: una kisukari? una presha? unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Kwa mwanamke, una ujauzito? Halafu swali ambalo watu wengi wa dirishani huliruka: hii shida ilianza lini, na ulishatibiwa wapi? Jibu la swali hilo liandike kwenye kadi kama lilivyosemwa. "Tangu kabla ya Ramadhani" ni tarehe nzuri tu, utaihesabu mwenyewe.

Hatua ya 2: Angalia mdomo mzima

Muombe daktari ruhusa ya kufanya hivi wakati mgonjwa anasubiri ganzi ishike. Ni dakika 2 ambazo vinginevyo unazitumia kupanga gozi. Vaa glavu mpya, barakoa, washa taa, chukua kioo cha mdomoni na vipande viwili vya gozi kavu. Mwambie mgonjwa unachofanya. Kama ana meno ya bandia yanayotoka, ayatoe, kwa sababu chini yake ndiko vidonda hujificha.

Anza nje. Mtazame usoni kwa mbele: je, upande mmoja umejaa kuliko mwingine? Taya linalonenepa polepole, bila maumivu, kwa mwaka au zaidi, huenda lina uvimbe ndani ya mfupa hata kama meno ni meupe. Papasa shingo chini ya taya na kando ya misuli. Mtoki unaouma, laini, unaosogea, mara nyingi ni wa jino bovu. Mtoki mgumu, usiouma, ulioganda mahali pamoja, andika.

Kisha ingia ndani, na siku zote kwa mpangilio uleule ili usisahau kona: midomo kwa ndani, mashavu, fizi za juu na za chini, kaakaa, koo, ulimi. Ulimi ndio wenye kazi. Mwambie autoe, ushike ncha kwa gozi, uuvute taratibu kulia ukitazama ubavu wake hadi nyuma kabisa, halafu kushoto. Kisha auinue mpaka ncha iguse kaakaa, utazame chini. Ubavu wa ulimi na sakafu iliyo chini yake ni sehemu ambazo saratani ya kinywa hupenda kuanzia, na ndizo mgonjwa hawezi kujiona kwenye kioo cha nyumbani.

Unatafuta nini? Kidonda chenye kingo zilizoinuka na ngumu. Baka jeupe ambalo ukilifuta kwa gozi halitoki (jeupe linalofutika na kuacha wekundu mara nyingi ni fangasi). Baka jekundu laini kama mahameli, ambalo kwa kweli ni la kuogopwa kuliko jeupe. Nyama inayoota kwenye shimo la jino lililong'olewa. Jino moja linalocheza peke yake katika mdomo wenye fizi nzuri. Mdomo wa chini uliokufa ganzi kabla hujamchoma mtu sindano. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa, ambayo yanaweza kuwa saratani ya Kaposi.

Usisubiri mgonjwa aseme kinauma. Saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi, na hilo ndilo huwafanya watu waje wakati chakula hakipiti tena.

Ukiona kitu, uliza anachoweka mdomoni zaidi ya chakula. Uliza hivyohivyo, bila kukunja uso. Ukianza na "unavuta sigara?" atajibu hapana, na ni kweli, yeye anaweka ugoro chini ya mdomo. Mwambie akuonyeshe anapouweka, kisha patazame hapohapo. Pwani na Visiwani uliza tambuu, na uliza imefungwa na nini: popoo, chokaa, tumbaku? Watu wengi huamini tumbaku ndiyo mbaya na popoo ni kiburudisho tu. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtafunaji wa muda mrefu unaweza kumjua kabla hajasema: mashavu yake yamekaza kama ngoma na mdomo haufunguki kuingiza vidole vitatu. Pombe kali pamoja na tumbaku huzidishiana madhara, kwa hiyo uliza na gongo.

Hatua ya 3: Mpe daktari taarifa inayoshikika

"Daktari, huyu mama ana kidonda" ni taarifa itakayopotelea hewani. Sema mahali, ukubwa, rangi, ugumu na muda: "Ubavu wa kushoto wa ulimi, ukubwa kama punje ya harage, katikati nyekundu, kingo ngumu, anasema wiki 5." Kama kuna jino lenye ncha linalochubua mahali hapo, litaje. Usilitaje neno saratani mbele ya mgonjwa. Mgonjwa akikuuliza wewe, mjibu ukweli ulio nao: kuna kidonda ambacho daktari anatakiwa akikague.

Na kama daktari ana haraka akasema "mpe antibayotiki arudi"? Wapo wanaokosana na wakubwa zao hapa. Mimi huuliza swali moja tu: "Arudi tarehe ngapi, niiandike?" Halibishani na mtu, na tarehe ikishatajwa inakuwa yetu sote.

Hatua ya 4: Vyombo

Hili nitalipita haraka kwa sababu kila kliniki ina karatasi yake ukutani. Vyombo visuguliwe kwa brashi vikiwa ndani ya maji, si juu ya maji, ili matone yasikurukie. Damu iliyokauka kwenye meno ya koleo huwalinda wadudu wasifikiwe na mvuke. Baada ya kuosha, vikauke, vifungwe, viingie otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke) kwa nyuzijoto 121 dakika 30 vikiwa vimefungwa, au 20 vikiwa wazi, ukianza kuhesabu baada ya joto kufika. Kuchemsha sufuriani si kutakasa. Umeme ukikatika katikati, anza upya, na kama seti zimekwisha, wagonjwa wa kung'oa wasubiri. Tangaza mwenyewe na uvumilie kelele. Nawe uwe umechanjwa homa ya ini aina ya B, dozi zote 3.

Hatua ya 5: Maneno ya kuondokea

Mgonjwa aliyeng'olewa ananyamaza, ana gozi mdomoni. Ndiyo nafasi pekee ya kuongea naye bila kukatizwa, lakini usimpe hotuba. Mpe mambo ya leo kwanza: ng'ata gozi nusu saa, usisukutue wala kutematema mate hadi kesho, usivute sigara, kuanzia kesho sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Halafu mwambie hili, na urudie: shimo hili likiwa bado wazi baada ya siku 14, au likiota nyama, rudi na usipange foleni, njoo moja kwa moja dirishani kwangu.

Ukibaki na pumzi, chagua jambo moja tu linalomhusu yeye. Mwenye fizi zinazotoka damu, mwonyeshe kwenye kioo tofauti ya ukoga laini anaoweza kuuondoa kwa mswaki na ugaga uliokwisha kuganda, ambao hautoki ila kwa kusafishwa kliniki. Kama majipu ya fizi yanamrudia na meno yanalegea kabla ya uzee, mpeleke akapimwe sukari siku hiyohiyo. Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Mwenye utando mweupe wa fangasi akiwa mtu mzima asiyetumia meno ya bandia wala dawa inayoweza kuuleta, mshauri kipimo cha VVU, faraghani, mlango umefungwa. Mjamzito aambiwe fizi kutoka damu kumezidi kwa sababu ya mimba, lakini asiache mswaki kwa kuogopa damu.

Mama mwenye mtoto mchanga ana swali lake hata asipouliza. Mtoto akiharisha na kupata homa wakati fizi zinavimba, jirani atamwambia ni meno ya plastiki, yakatwe. Kinachokatwa pale ni chipukizi la jino halisi la mtoto, kwa kisu au spoku ya baiskeli isiyotakaswa, na kuharisha kwenyewe hakujatibiwa. Usimcheke. Mwambie kuharisha kunaweza kumuua mtoto na ndiko kutibiwe, kwa maji yenye chumvichumvi za hospitali (ORS) na zinki, leo, kliniki ya watoto.

Dawa ya meno iwe yenye floridi, mara 2 kwa siku, na povu litemwe bila kusukutua sana. Mtoto chini ya miaka 3 atumie kiasi cha punje ya mchele, wa 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Wenzangu wa Arusha na Kilimanjaro wataniuliza: floridi tena, na watoto wetu wana meno ya kahawia? Hilo ni la maji ya visima vya Bonde la Ufa, yenye floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kulainishia maharage huongeza. Huko tatizo ni kumeza kwa miaka mingi meno yakiwa bado yanajengeka, kwa hiyo simamia mtoto ateme.

Jino lenye tundu dogo lisiachwe lisubiri mashine. Njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji yenye floridi, bila kutoboa kwa umeme, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kabla ya kusambaa duniani. Kama kliniki yako ina vyombo hivyo kabatini vimejaa vumbi, mkumbushe tabibu.

Hatua ya 6: Daftari

Hesabu ya siku 14 nilifundishwa na mzee mmoja ambaye yeye mwenyewe hakuifaidi. Miaka mingi iliyopita, katika kliniki niliyokuwa, aling'olewa jino la chini na shimo halikufunga. Akarudi, likasafishwa, akapewa vidonge. Akarudi tena, vivyo hivyo. Mara ya tatu alisimama dirishani akaniambia, "Mwanangu, hili shimo linaota nyama." Nikamjibu, "Litapona tu, mzee," nikampa kadi. Kila mara alihudumiwa na mtu tofauti, na kila mmoja alimwona kama mpya. Aliyemwona mara zote tatu nilikuwa mimi. Mara ya nne alikatwa kipande kidogo cha nyama, kikapimwa, ikawa saratani iliyokwisha kuingia kwenye mfupa.

Nunua daftari la kurasa 96. Chora safu: tarehe, namba ya kadi, umri, kitongoji, simu mbili (yake na ya mtu wa nyumbani), kilichoonekana na mahali pake, tarehe ya siku ya 14, kilichotokea. Andika kila kidonda, baka, uvimbe na shimo lisilofunga, hata ukidhani ni dogo. Lifungie kabatini, kwa sababu lina siri za watu. Kila asubuhi fungua utazame tarehe ya leo ina akina nani. Aliyepona, mchoree mstari wa kumfuta. Aliyerudi hajapona, anaingia kwa daktari na daftari likiwa wazi mkononi mwako. Asiyekuja, mpigie.

Hatua ya 7: Rufaa iliyofika

Barua ya rufaa si rufaa. Mtu anaweza kutoka na barua ya kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando au KCMC, akafika stendi, akahesabu nauli, akarudi shambani. Kabla hajaondoka kaa naye dakika 5. Muulize atasafiri na nani, atalala wapi, bima anayo, kuna mazao yanayomsubiri? Mweleze kwa lugha ya nyumbani kwamba atakatwa kipande kidogo cha nyama kwa ganzi, kikapimwe, na kwamba si kweli kuwa kidonda kikiguswa na kisu ndipo kinaenea. Uvumi huo umewabakiza wengi nyumbani. Kama kuna afisa ustawi wa jamii hospitalini, mpeleke kwake kwa miguu yako mwenyewe, usimwelekeze kwa kidole. Barua iandikwe mahali, ukubwa, muda, anachotumia mdomoni, dawa alizokwisha kupewa, na namba ya simu ya kliniki ili majibu yapate pa kurudi.

Mimi napiga simu Ijumaa mchana, foleni ikiisha. Siulizi "umeenda?" kwa sababu wote hujibu ndiyo. Nauliza, "Walikuambia urudi lini?" Aliyefika ana tarehe. Asiyekuwa na tarehe hajaenda, na hapo ndipo naanza kuuliza nauli imepelea kiasi gani. Simu isipopokelewa mara 2, nampigia mtu wa nyumbani, kisha mhudumu wa afya wa kitongoji chao, naye hupita jioni akielekea kwake na kunitumia ujumbe: yupo, amesema anakuja Jumatatu. Naiandika Jumatatu kwenye daftari.